Kivuko cha Ghalani: Jinsi ya Kutengeneza Kalavati Lililoliwa na Maji

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa mojawapo ya vyama vyetu vya msingi mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema machache mbele ya mkutano huu mkubwa. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema habari za bei, za mizani, za mikopo na za mnada wa Moshi, nao wamezisema vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimetumwa na wanachama wa chama chetu niseme habari ya kitu ambacho watu hukikanyaga kila siku bila ya kukitazama, nacho ni kalavati, yaani lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya njia. Huenda mtu akauliza moyoni mwake, je, katika sikukuu kama hii hapana neno kubwa zaidi la kusema? Namwomba anivumilie. Akisha kusikia, atapima mwenyewe kama neno hili ni dogo.

Katika mlima huu wetu wa Kilimanjaro ushirika si jambo la jana. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ambacho jina lake lajulikana mpaka leo. Sisi wenye miaka 10 tu ni vijana mbele ya wazee hao. Lakini tangu siku zile mpaka sasa jambo moja halikubadilika: kahawa haina miguu. Huchumwa kihambani, ikachukuliwa kichwani, au kwa pikipiki, au kwa gari, ikavuka mito na mifongo mpaka ifike penye mashine na ghala. Nayo kahawa mbivu haingoji. Yafaa imenywe siku ile ile iliyochumwa. Ikilala katika gunia hupata joto, huanza kuchacha, na ile ladha njema inayoleta bei nzuri hupotea, wala haiwezi kurudishwa kwa dawa wala kwa maombi. Kwa hiyo kivuko kikivunjika, mkulima hapotezi njia tu. Hupoteza daraja la kahawa yake. Tena mtoto hakosi kahawa bali hukosa shule, na mama mjamzito hukosa zahanati.

Katika chama chetu iko njia moja itokayo vihambani kwenda ghalani, nayo huvuka kijito kimoja kidogo. Wakati wa kiangazi mtoto wa miaka 5 hukiruka kijito hicho bila kulowa. Hapo palikuwa na kalavati la upana wa sentimita 60, lililowekwa siku nyingi. Kila masika maji yalikula njia kidogo, na kila mwaka watu walizoea kujaza udongo na matawi, kisha wakaenda zao. Yalipokuja masika ya mwaka 2024, mvua ile iliyoharibu barabara na madaraja katika mikoa mingi ya nchi yetu, maji yalipita juu ya njia usiku mmoja, na kulipokucha palikuwa na korongo lililomzidi mtu mzima kimo, na vipande vya bomba vimelala chini kama meno yaliyong'olewa. Kuchuma kulikuwa kunakaribia, na baada yake vuli ingetukuta katikati ya msimu. Hapo ndipo tulipoona kwamba kujaza udongo tu si kutengeneza.

Sasa, ndugu zangu, adui hajulikani mpaka ajulikane njia zake. Watu wengi hudhani kwamba kalavati huvunjwa na uzito wa lori. Mara chache huwa hivyo. Kinacholivunja zaidi ni maji, nayo hulivunja kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni ya mdomoni. Bomba likiwa jembamba, au likizibwa na magogo, majani ya migomba na mchanga, maji hukosa pa kuingilia, hujaa upande wa juu kama bwawa, kisha hupanda juu ya njia. Tuhesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya hekta 1 ni lita 10,000, yaani tani 10 za maji. Mvua ya milimita 50 ni tani 500 kwa kila hekta moja. Hata kama ardhi itakunywa nusu yake, nusu iliyobaki lazima ipite mahali, na bonde la kijito huwa na hekta nyingi.

Njia ya pili ni ya juu. Maji yakisha kupita juu ya njia huanguka upande wa pili, na mahali yaangukapo huchimba. Shimo hurudi nyuma, hula ukingo, hula katikati, na kwa saa chache njia yote imekwenda.

Njia ya tatu haionekani kwa macho. Maji hupenya ubavuni mwa bomba, kati ya zege na udongo usioshindiliwa vema. Kwanza hupita uzi wa maji, kisha tundu la panya, kisha pango. Juu njia huonekana nzima, lakini chini mna uwazi, na siku moja gurudumu huzama. Mkiona maji yanatoka pembeni mwa bomba na si ndani yake, msingoje siku ya pili.

Njia ya nne ni ya kutokea. Maji yaliyobanwa ndani ya bomba hutoka kwa mbio kuliko yalivyoingia. Wenye elimu ya maji wamegundua kwamba maji yakiongeza mwendo mara mbili, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Basi si ajabu kwamba chini ya bomba huchimbika shimo, bomba likabaki linaning'inia, vipande vikaachana kimoja kimoja, na kivuko kikavunjika kuanzia mkiani.

Kuhusu njia hii ya nne nina habari ya kuwaeleza. Chini ya kivuko chetu ni kihamba cha mama mmoja mjane, mwanachama mwenzetu. Tulipofanya mkutano wa kujadili matengenezo, wengi walitaka tununue bomba kubwa zaidi, tulifukie upesi, kahawa ipite. Mama huyo aliinuka akasema, "Wazee wangu, ninyi mnataka njia ya kahawa, nami pia naitaka. Lakini maji mnayoyafukuza huko juu yananijia mimi huku chini. Yamekwisha kuchukua mistari miwili ya migomba yangu. Mkiweka bomba kubwa bila ya kuyatuliza maji, mtachukua na ya tatu. Siwezi kusema ndiyo."

Palikuwa na kelele kidogo. Wengine walisema kwamba mtu mmoja hawezi kuzuia kazi ya watu wote. Wengine walisema kwamba kutengeneza upande wa chini kungekula fedha zilizowekwa kwa kupaka ghala rangi na kuandika kibao kipya kwa ajili ya sikukuu hii. Ndipo mzee mmoja akasema maneno yaliyomaliza shauri: "Maji ni mgeni. Mgeni hupokelewa, na mgeni husindikizwa. Ninyi mnataka kumpokea mlangoni kwenu na kumtupa uani kwa jirani." Tulipiga kura, na walio wengi wakakubali kwamba kivuko hakitahesabiwa kuwa kimekwisha mpaka maji yatulie katika mkondo wake chini ya kihamba cha mama yule. Ndiyo sababu, mabibi na mabwana, mkipita kwetu leo mtaliona ghala letu bila rangi mpya. Hatuoni haya kwa jambo hilo.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe ilivyokwenda, ili chama kingine kitakachopatwa na shida kama yetu kisianze gizani.

Kwanza ni ruhusa na ushauri. Njia zilizomo katika orodha ya barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali ulioanza kazi mwaka 2017 kuangalia barabara za vijijini na mijini. Njia ya namna hiyo haifai kuchimbwa na wanachama bila ya idhini. Njia yetu ni ya ndani ya mashamba, hata hivyo tulimwomba fundi wa barabara aje kuitazama, na ushauri wake ulituokolea fedha nyingi. Kadhalika, kijito ni mali ya wote. Anayetaka kugeuza mkondo wake hana budi kuonana na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa maana maji ya upande wetu wa mlima huteremka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, na udongo unaotoka kwetu hufika huko pia. Sisi hatukugeuza mkondo. Tuliuacha upite pale pale ulipozoea, nao ndio uamuzi wa busara.

Pili ni wakati. Kazi hii ni ya kiangazi, maji yakiwa haba. Maji yaliyobaki tuliyapitisha pembeni kwa mfereji wa muda, tukaziba juu kwa magunia ya mchanga. Kisha tulichimba tope lote na udongo laini mpaka tukaifikia ardhi ngumu. Hapana faida kuweka bomba jipya juu ya tope la zamani.

Tatu ni kipimo cha bomba. Tulitazama alama za mafuriko kwenye kingo na kwenye mashina ya miti, tukawauliza na wazee maji yalifika wapi katika masika makubwa. Fundi alituonyesha kwamba mdomo wa bomba moja la sentimita 90 ni mkubwa kuliko midomo miwili ya sentimita 60 ikiwekwa pamoja, tena haliwahi kuzibwa na takataka, na mtu mwenye jembe aweza kuingia kulisafisha. Tulichagua la sentimita 90. Lakini kipande kimoja cha mita 1 huzidi nusu tani. Hakibebwi kwa ubishi, huviringishwa juu ya magogo na kushushwa kwa kamba, wala mtu asisimame chini yake.

Nne ni kulaza. Chini ya bomba tuliweka tabaka la mchanga na kokoto ndogo, ili lisikae juu ya ncha ya jiwe likapasuka. Vipande huanza kulazwa upande wa chini, kila kimoja kikaingia katika mwenzake kuelekea juu, na maungio huzibwa kwa saruji na mchanga. Mteremko wa bomba ulifuata mteremko wa kijito wenyewe, kiasi cha sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Likilala sawa kabisa, mchanga hujaa ndani. Likiinama mno, maji hutoka kwa hasira. Mdomo wa chini usiachwe ukining'inia hewani. Yafaa uwe sawasawa na kitanda cha kijito.

Tano ni kufukia, na hapa ndipo makalavati mengi huharibiwa na watu wenye haraka. Udongo hauteremshwi wote kwa mara moja. Huwekwa tabaka la sentimita 15, hunyunyiziwa maji kidogo, hushindiliwa, ndipo huwekwa jingine. Tena pande zote mbili kwa pamoja, ili bomba lisisukumwe upande mmoja. Tulitenga majani, mizizi na matope, kwa kuwa vitu hivyo huoza na kuacha matundu. Juu ya bomba tuliweka udongo wa kimo cha sentimita 60 na kumalizia na changarawe. Kazi hii ya kushindilia huchosha, tena haionekani ikisha kwisha. Lakini ndiyo inayofunga ile njia ya tatu ya maji niliyoitaja.

Sita ni kuta. Mdomo wa juu na mdomo wa chini tulijenga kuta za mawe na saruji, zenye mabawa yaliyofunguka pande mbili kama mtu anayemkaribisha mgeni kwa mikono yake. Misingi ya kuta hizo ilishuka chini ya kitanda cha kijito, ili maji yasipate kuchungulia chini yake na kupita. Tuliufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa maji kwa siku 7, kwa maana saruji hukomaa kwa unyevu na hufa kwa jua. Lori halikuruhusiwa kupita mpaka siku 28 zilipotimia, ijapokuwa madereva walinung'unika.

Saba ni kumsindikiza mgeni. Mbele ya mdomo wa chini tulitandika sakafu ya mawe makubwa yenye kona, kila moja la kutosha mtu mmoja au wawili kulibeba, yakapangwa kwa kubanana. Mawe ya mviringo kutoka mtoni hayafai, maana huviringika. Mwisho wa sakafu tulichimba mfereji mwembamba kukata mkondo, tukaujaza mawe, ili shimo lisianze hapo na kurudi nyuma. Kwenye ukingo wa kihamba cha mama yule, mahali palipokuwa pamebomoka, tuliweka vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, navyo huwa na faida hii, kwamba ardhi ikishuka kidogo hujikunja pamoja nayo bila kupasuka. Nyuma ya vikapu tulijaza udongo na kupanda mabingobingo. Mizizi ni askari asiyedai mshahara.

Nane ni mlango wa dharura. Hakuna bomba linaloweza kushinda kila mvua. Kwa hiyo, hatua chache kutoka kwenye kalavati, tuliishusha njia kidogo na kuitandika mawe kwa saruji, pamoja na mteremko wake wa upande wa chini. Mvua isiyo ya kawaida ikija, maji yatapita hapo juu ya jiwe na kurudi katika mkondo wake, wala hayatapasua udongo ulio juu ya bomba. Njia italowa, lakini kesho yake itakuwapo.

Katika mambo haya yote fedha taslimu ilitumika kwa mabomba, saruji, waya na mshahara wa fundi. Mawe, mchanga na nguvu vilitoka kwetu wenyewe kwa msaragambo, kama walivyofanya wazee wetu walipochimba na kusafisha mifongo. Kila aliyekuja aliandikwa, na kila shilingi iliyotoka ilibandikwa ubaoni pa ghala, ili mwanachama asome bila ya kuuliza. Mnajua nyote kwamba watu hawachoshwi na kazi upesi kama wanavyochoshwa na hesabu zisizoonekana.

Tangu hapo masika yamepita juu ya kazi hiyo, na maji yamepita ndani ya bomba. Sisemi kwamba tumeyashinda maji. Mwenye kusema hivyo atafute mlima mwingine. Nasema tu kwamba sasa tunayatazama. Watu wawili waliochaguliwa hukagua kivuko kabla ya masika na kabla ya vuli, na tena baada ya kila mvua kubwa. Hutazama mambo matano: je, mdomo umezibwa? Je, maji yanapenya pembeni? Je, juu ya njia pana ufa au bonyeo? Je, mawe ya chini yamesogea? Je, mitaro ya pande mbili za njia inamwaga maji mahali pake, au inayaleta yote kivukoni? Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo hugharimu jembe na panga tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta, kwa hiyo twajua bei yake.

Bwana Mwenyekiti, kabla sijaketi naomba kuleta maombi matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, kila chama cha msingi kiandike orodha ya vivuko vyake vyote, na kuchagua watu wawili wa kuvikagua kabla ya mwisho wa Februari na kabla ya mwisho wa Septemba kila mwaka.

La pili, Chama Kikuu kitenge sehemu ya ziada ya kila mwaka iwe akiba ya vivuko, wala isiguswe kwa jambo jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Chama kidogo kikipatwa na msiba wa maji katikati ya msimu, kisilazimike kungoja mwaka mzima huku kahawa ya wanachama ikichacha katika magunia.

La tatu, nalo ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: pasitengenezwe kivuko chochote kwa fedha ya ushirika mpaka mwenye shamba lililo chini yake aitwe, asikilizwe, na neno lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ikiwa njia ya kahawa ya watu mia itajengwa kwa kuula udongo wa mtu mmoja, basi hiyo ni njia tu, haijawa ushirika. Mama yule hakuzuia kazi yetu. Alituonyesha mahali kazi ilipoishia, ambapo sisi sote tuliokuwa juu hatukupaona kwa sababu tulikuwa tukilitazama lori.

Migomba aliyoipanda upya nyuma ya vikapu vya mawe imekwisha kushika, na sehemu ya mashina ya kupandia alipewa na majirani zake wa upande wa juu.

Nawatakieni sikukuu njema, na msimu ujao wenye kahawa nzito na mvua ya kiasi.